Konea ya mwanangu inachongoka, na nyumbani hatuelewani

*Mshauri, habari za kazi.*

*Naomba jina langu lisitokee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, mama wa watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni kifungua mimba wangu, ana miaka 15, yuko kidato cha pili.*

*Tangu akiwa na miaka saba macho yake yanawasha. Kiangazi kikiingia na vumbi likianza, yanakuwa mekundu, yanatoa uteute mzito unaovutika kama uzi, na yeye anayafikicha kwa ngumi mpaka unasikia mlio. Nilikuwa nakwenda duka la dawa la mtaani, wananipa kichupa cha matone, siku ya pili mtoto anaamka mzima. Kikiisha nanunua kingine. Nimefanya hivyo miaka mingi. Juzi ndipo nikasoma maandishi madogo kwenye kichupa: deksamethasoni.*

*Mwaka jana alianza kushindwa kusoma ubaoni. Amebadilishiwa miwani mara tatu ndani ya miezi 14 na hakuna iliyomfaa. Usiku taa moja ya bodaboda anaiona kama taa tatu zenye mikia. Mpimaji wa miwani akatuandikia barua twende kwa daktari bingwa wa macho. Huko alipigwa picha wanayoiita ramani ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, na baada ya miezi sita akapigwa nyingine. Namba nimezinakili kama zilivyo. Jicho la kulia, mahali penye mbinuko mkali kuliko pote palikuwa 51.6, sasa ni 54.2, mahali pembamba kuliko pote palikuwa 478, sasa ni 462. Jicho la kushoto ni 47.1 na 501, halijabadilika.*

*Daktari alisema ugonjwa unaitwa keratokonasi. Akachora mistari mitano kwenye karatasi kuonyesha tabaka za kioo cha jicho, akasema jicho la kulia likazwe kwa vitamini na mionzi, na tusichelewe. Niliitikia tu. Ukweli ni kwamba sikuelewa, na niliona aibu kuuliza, maana na mimi ni mwalimu.*

*Nyumbani tumegawanyika. Baba yake anasema mtoto asiguswe macho mpaka amalize kidato cha nne, kwa sababu daktari mwenyewe alisema matibabu hayo hayatamfanya aone vizuri zaidi. "Tulipe pesa yote hiyo ili abaki vilevile?" Baba yake mdogo, anayefanya kazi Muscat, ameahidi kugharimia safari ya India akabadilishiwe kioo kizima, yaishe. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu kama mama aliyenizaa, anaogopa mjukuu wake kuwekewa kioo cha maiti. Anataka tumkamulie majani anayoyajua yeye. Pesa tuliyonayo ni ya kupaua nyumba. Inatosha jicho moja.*

*Mtoto mwenyewe hasemi kitu. Na mimi usiku nalala nikiwaza kwamba nimempofusha kwa mkono wangu, kwa vile vichupa. Nishauri.*

*Mama mwenye mashaka, Dodoma*

Mshauri anajibu

Pole sana, mwalimu. Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu mtu anayelala na lawama hawezi kupima jambo lingine kwa utulivu. Matone ya deksamethasoni, dawa ya kupoza uvimbe ya jamii ya steroidi, hayajulikani kuwa chanzo cha keratokonasi. Ugonjwa huu una mizizi mingi: urithi, aleji ya macho ya muda mrefu, na kule kufikicha. Hukumpofusha mwanao, na mwanao si kipofu. Vichupa vile vina hatari zake nyingine, ambazo nitazieleza mbele, na zinahitaji kuchunguzwa. Lakini mama aliyekuwa anatafuta nafuu ya mtoto anayelia kwa muwasho hakuwa anatenda kosa alilolijua.

Sasa dhiki yenyewe. Ndani ya barua yako kuna maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza: konea izuiweje isiendelee kuchongoka? La pili: kijana ataonaje ubao? Daktari alikuwa anajibu la kwanza. Mumeo anauliza la pili, akisikia jibu la kwanza analiona halina maana. Shemeji yako anataka kuyamaliza yote kwa safari moja. Huenda hampingani kama mnavyodhani; huenda kila mmoja anajibu swali lake.

Turudi kwenye ile mistari mitano, na usione aibu hata kidogo. Madaktari wengi huichora haraka mno.

Konea ni dirisha angavu lililo mbele ya ile sehemu nyeusi ya jicho. Mtazame mtoto kwa ubavu utaiona imebinuka kama kioo cha saa ya mkononi. Upana wake ni milimita 11.5 hadi 12, na unene wake katikati ni nusu milimita hivi, yaani maikroni 540 kwa wastani. Pembeni ni nene zaidi. Watu hudhani kazi yake ni kukinga vumbi tu. Nguvu nzima ya jicho ya kupinda mwanga, ambayo kipimo chake ni diopta, ni kama 60, na 43 kati ya hizo zinatoka kwenye konea. Lenzi iliyo ndani inamalizia. Ndiyo maana umbo la konea likikosea kidogo tu, mtu anapoteza mengi.

Mstari wa kwanza ni ngozi ya juu, seli safu tano hadi saba, maikroni 50 hivi kwa jumla. Imejaa neva, ndiyo sababu punje moja ya mchanga inakuliza. Hujijenga upya kila baada ya siku 7 hadi 10. Mstari wa pili ni utando mwembamba mgumu ambao ukichanika haujirudishi, unaacha kovu. Mstari wa nne ni utando mwingine, wa ndani, unaovutika kama mpira. Wa tano ni safu moja tu ya seli zenye pembe sita, zilizobanana kama masega ya nyuki, zipatazo 2,500 hadi 3,000 kwa kila milimita ya mraba kwa mtu mzima mwenye jicho zima. Hizi ni pampu: zinavuta maji kutoka ndani ya konea usiku na mchana ili isivimbe ikawa nyeupe. Zikifa hazizaliwi nyingine. Zishike hizi akilini, tutazirudia.

Mstari wa tatu nimeuacha makusudi, kwa sababu ugonjwa wa mwanao uko hapo. Tabaka hili ndilo sehemu tisa kwa kumi ya unene wote. Ni nyuzi za kolajeni, protini inayoupa mwili uimara, zilizopangwa kama mikeka, zaidi ya 200, mmoja juu ya mwingine, kila mkeka nyuzi zake zikielekea upande wake. Nafasi kati ya uzi na uzi inalingana kwa usahihi mkubwa, na usahihi huo ndio unaoruhusu mwanga kupita. Ile sehemu nyeupe ya jicho imetengenezwa kwa kolajeni hiyohiyo, ila imesukwa ovyo. Ndiyo maana ni nyeupe na haipitishi picha. Konea pia haina mshipa wa damu hata mmoja. Hewa yake inaipata kupitia machozi, chakula kutoka kwenye maji yaliyo ndani ya jicho.

Katika keratokonasi mikeka hiyo hulegea na kuteleza. Jicho lina presha yake ndani, na presha hiyo inasukuma mahali palipolegea hadi pakawa pembamba na kuchongoka kama pia. Kila ngumi ya kufikicha inaongeza msukumo, na muwasho wenyewe unamwaga vimeng'enya vinavyokula kolajeni. Sasa soma namba zako. Konea ya kawaida mbinuko wake ni diopta 43 au 44. Ya kijana wako kulia imefika 54.2, na imepanda diopta 2.6 ndani ya miezi sita. Imepungua maikroni 16 katika muda huohuo. Hayo ni mabadiliko ya kweli, si makosa ya mashine. Umri wake nao una uzito: ugonjwa huu huanza wakati wa kubalehe, hukimbia zaidi kwa vijana wadogo, na hutulia wenyewe mara nyingi mtu akiwa amefika miaka ya thelathini na kitu.

Hapo ndipo matibabu ya kukaza yanapoingia. Njia hii ilitengenezwa Dresden, Ujerumani, na matokeo ya wagonjwa wa kwanza yalitoka mwaka 2003. Anawekewa matone ya ganzi, bila kuchomwa sindano. Ngozi ya juu inakwanguliwa duara la milimita 8 au 9 ili dawa ipenye. Halafu matone ya raiboflavini, ambayo ni vitamini B2, yanadondoshwa kila baada ya dakika chache kwa nusu saa mpaka konea inyonye na kuwa ya njano. Unene unapimwa tena. Kisha inawashwa taa ya mionzi ya urujuanimno, dakika 30 kwa utaratibu wa awali, au kama 10 kwa taa yenye nguvu zaidi. Mwanga ukikutana na vitamini, nyuzi zinafungana vifundo vipya. Mwishoni inawekwa lenzi laini kama bandeji mpaka ngozi ifunge, kwa kawaida siku tatu hadi tano.

Vitamini ile ina kazi ya pili: inameza mionzi isifike chini kwenye zile seli zisizozaliwa upya. Ili kinga hiyo itoshe, konea ikishakwanguliwa inatakiwa ibaki na maikroni 400 au zaidi. Fanya hesabu nami: 462 ukitoa 50 za ngozi unabaki na 412. Ikiendelea kupungua kwa mwendo wa miezi hii sita, utakuwa umeshuka chini ya 400 kabla ya mwaka kwisha. Chini ya hapo bado kuna mbinu, kama kutumia aina ya matone inayoivimbisha konea kwa muda, lakini si kila hospitali inazifanya na matokeo yake si ya uhakika vilevile. Naomba umsomee mumeo aya hii taratibu. Hofu yake kuhusu masomo ni ya baba anayejali. Ila "abaki vilevile" kwa ugonjwa huu ndiyo faida yenyewe inayonunuliwa, kwa sababu bila hiyo kinachotarajiwa ni kuendelea kushuka. Mchongoko ukifika mbali sana, ule utando wa nne unaweza kupasuka siku moja, maji yakaingia, na jicho likageuka jeupe ghafla kwa maumivu.

Mumeo naye ana haki ya kusikia upande wa pili bila kufichwa. Siku mbili tatu za kwanza zinauma kwelikweli. Jicho linaona ukungu kwa wiki kadhaa, pengine vibaya kuliko kabla, na miwani mipya haipimwi mpaka miezi mitatu hivi ipite. Ngozi ikichelewa kufunga, vijidudu vinaweza kuingia na kuacha kovu; maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au doa jeupe, ni la kurudi hospitali saa hiyohiyo. Kwa vijana wachache ugonjwa huendelea hata baada ya kukazwa, hasa wasipoacha kufikicha. Na aleji ikiwa bado inawaka, jicho lipozwe kwanza. Kwa hiyo swali la mumeo linaweza kugeuzwa kuwa swali la ratiba: likizo ipi, ya Juni au Desemba, na je, konea inaweza kusubiri mpaka hapo? Hilo la pili atalijibu daktari kwa ramani nyingine.

Kuhusu mtihani, kuna la kufanya hata leo. Miwani haimfai kwa sababu inasahihisha mbinuko uliolingana, na wake hauna mpangilio. Lenzi ngumu inayokaa juu ya jicho inatengeneza uso mpya laini, machozi yakijaza mabonde yaliyo chini. Kwa vumbi la Dodoma, lenzi ndogo ngumu inaweza kumtesa, maana vumbi linaingia chini yake. Ile kubwa inayokaa juu ya sehemu nyeupe na kujazwa maji ya chumvi safi ya hospitali inavumilika zaidi, ila ni ghali na inahitaji mikono safi kila siku. Hazilaliwi nazo, na haziguswi kwa maji ya bomba wala mate. Pia, mwone mkuu wa shule mapema: Baraza la Mitihani lina utaratibu wa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na maombi yake hupitia shuleni na cheti cha daktari.

Tuje kwenye India. Ahadi ya shemeji yako ni ya mapenzi, na kupandikiza konea si jambo la kubahatisha. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa na daktari Eduard Zirm huko Olomouc mwaka 1905. Bila damu ndani yake, konea hukataliwa na mwili mara chache kuliko figo. Lakini lile neno "yaishe" ndilo ningeomba mlitazame tena. Nyuzi za kushonea hukaa mwaka au zaidi. Matone ya kuzuia mwili usiikatae konea huenda miezi mingi, na kukataliwa kunaweza kuja hata baada ya miaka. Dalili zake ni wekundu, kuogopa mwanga na kuona kufifia, na mgonjwa hutakiwa kuonwa ndani ya siku moja. Nani atamwona, na wapi, ikitokea yuko Dodoma na aliyemshona yuko India? Kidonda kile pia hakirudii nguvu ya jicho la kuzaliwa. Mpira wa miguu usoni unaweza kukifungua. Mtu akipandikizwa akiwa na miaka 15 anaweza kuhitaji konea nyingine mbele ya safari. Na akiendelea kufikicha, anafikicha nyuzi.

Upo upandikizaji wa tabaka la mbele tu, unaomwachia mtoto zile seli zake mwenyewe za pembe sita, na kwa keratokonasi huo ndio wa kuulizia. Kukazwa sasa hakumfungii mlango wa kupandikizwa baadaye. Kupandikizwa sasa, kinyume chake, hakurudi nyuma. Je, umewahi kumuuliza baba yake mdogo kama ahadi yake ni ya safari, au ni ya macho ya kijana? Pesa ileile inaweza kulipia jicho la pili, au lenzi, na nyumba ikapauliwa.

Mama mkwe wako mwelezeni kwa upole kwamba jicho zima halibadilishwi, ni kile kidirisha tu, na konea inayotolewa na benki ya macho hupimwa kwanza virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Wanaozisubiri ni wengi mno: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba duniani kuna konea moja kwa kila watu 70 wanaoihitaji. Kuhusu majani, hapa sitapindisha maneno. Ngozi ya maikroni 50 iliyochubuliwa kwa kufikicha ni mlango wazi, na maji ya mmea hubeba kuvu. Kuvu wakiingia kwenye ule mstari wa tatu huacha kovu ambalo hakuna mionzi ya kulikaza. Mpeni bibi kazi nyingine, na ni kazi yenye maana: kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya kunywa ya baridi, juu ya kope zilizofumbwa, dakika tano hadi kumi kila muwasho unapoanza. Baridi inazima muwasho, na muwasho ukizimwa mikono inatulia. Amsaidie pia asilale kifudifudi, jicho likikandamizwa na mto. Hilo mnaweza kulianza usiku wa leo bila senti, na mimi naliona lina uzito sawa na chochote kitakachofanywa hospitali.

Nimebakiza vichupa. Deksamethasoni inapoza haraka, ndiyo maana inanunulika, lakini ikitumika miaka huweza kupandisha presha ya macho kimyakimya, kuleta mtoto wa jicho, na kuwapa vijidudu nafasi. Mwambie daktari ukweli wote: tangu lini, mara ngapi kwa siku, vichupa vingapi kwa mwaka. Kuna jambo hata wahudumu wengine husahau: konea nyembamba huifanya mashine ya presha isome chini ya hali halisi. Omba atazame na mshipa wa neva ulio nyuma ya jicho, asitegemee namba pekee. Muulize pia kuhusu matone ya aleji yasiyo ya jamii hiyo, kama olopatadini au kromoglikati, yanayoweza kutumika msimu mzima.

Kijana anayenyamaza katikati ya watu wazima wanne wanaovutana huenda anaona yeye ndiye mzigo. Mwonyeshe ile karatasi ya mistari mitano, umfundishe kama unavyofundisha darasani, kisha umuulize yeye anaogopa nini. Miadi ijayo aende na baba yake, akae kiti cha mbele, aulize yeye kwanza. Mbebe ramani zote mbili na miwani yote mitatu. Na kichupa kile usikitupe kwa aibu. Kiweke mfukoni, daktari asome mwenyewe jina na nguvu ya dawa.